Kuchagua Njia Bora ya Kusafisha Sakafu Pana ya Vigae: Somo la Kufundishwa kwa Majaribio

Utangulizi

Katika shule zetu nyingi za msingi kazi ya kusafisha sakafu hufanywa na wanafunzi wenyewe. Kengele ya asubuhi ikilia, kundi moja hushika mafagio, jingine huenda bombani au kisimani, na kabla ya kipindi cha kwanza madarasa, ofisi na ukumbi huwa vimekwisha safishwa. Kazi hiyo hurudiwa siku hadi siku na mwaka hadi mwaka, hata mtoto amalizapo elimu ya msingi huwa amekwisha safisha sakafu mara mamia. Lakini tukimwuliza kwa nini husafisha kwa njia hiyo na si kwa njia nyingine, aghalabu atajibu kwamba ndivyo alivyoikuta. Kazi ameifanya, lakini somo lililomo ndani ya kazi hakulipata.

Mwalimu Nyerere alipoitoa Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967, alitaka kazi na masomo vifungamane, kila kimoja kikisaidie kingine. Kazi isiyokuwa na fikra ndani yake haifikii shabaha hiyo. Huwa ni utumishi tu wa watoto. Makala hii inakusudia kuwaonyesha wanachuo jinsi kazi moja ya kila siku inavyoweza kugeuzwa kuwa somo kamili la sayansi, hesabu na stadi za kazi.

Tumechagua sakafu ya vigae kwa sababu mbili. Kwanza, sakafu hizi zimeenea. Zamani zilionekana zaidi katika hospitali, misikiti, makanisa na majumba ya serikali. Leo zimo katika zahanati za vijijini, ofisi za walimu, kumbi za shule na nyumba za watu wa kawaida. Pili, sakafu hii ikisafishwa kwa njia isiyofaa, anayeumia ni mtoto: huteleza, huvuta hewa ya dawa kali, hubeba ndoo nyingi kuliko inavyopasa, au hukosa kipindi cha kwanza kwa kuwa kazi haijakwisha. Kwa hiyo swali la njia bora si swali dogo.

Sakafu pana ina matatizo yake

Mwanachuo anaweza kudhani kwamba ukumbi ni chumba kidogo kilichokuzwa, na kwamba ajuaye kusafisha jiko la nyumbani anajua pia kusafisha ukumbi. Sivyo. Tuchukue mfano wa ukumbi wenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 12. Eneo lake ni mita za mraba 240. Ikiwa vigae vyake ni vya mraba wa sentimeta 40, urefu unachukua vigae 50 na upana vigae 30. Jumla ni vigae 1,500. Maungio, yaani mistari ya saruji iliyo baina ya kigae na kigae, ni mistari 49 ya mita 12 na mistari 29 ya mita 20. Wanafunzi wakijumlisha watapata mita 1,168. Maana yake ni kwamba anayeambiwa asugue maungio ya ukumbi huu kwa brashi ndogo, ameambiwa asugue mstari wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja.

Hesabu hii peke yake hufumbua macho. Lakini yako matatizo mengine. Katika chumba kidogo maji ya ndoo moja hutosha. Katika ukumbi maji huchafuka kazi ikiwa bado mbali, na anayeendelea kuyatumia hahamishi uchafu bali anausambaza. Katika chumba kidogo maji yaliyomwagwa hufika mlangoni kwa msukumo mmoja; ukumbini hukauka njiani na kuacha mabaka. Mkono usiochoka kwa dakika tano huchoka kwa dakika arobaini. Tena ukumbi una watu wanaopita, na sakafu iliyolowa ni hatari kwao. Mwanafunzi akiyaelewa haya, ameelewa jambo kubwa la sayansi na la maisha: kitu kikubwa si kitu kidogo kilichozidishwa tu.

Kuitambua sakafu

Kabla ya kuchagua njia ni lazima kujua kinachosafishwa. Watu wengi hukiita kila kigae cha sakafu marumaru, lakini kwa kweli ziko aina mbalimbali.

(a) Vigae vya kauri vyenye ngozi ya kung'aa. Hivi ni udongo uliochomwa katika tanuri na kupakwa tabaka gumu kama kioo. Uso wake haunywi maji wala mafuta, na uchafu hukaa juu tu.

(b) Vigae vya kauri vilivyochomwa kwa moto mkali zaidi hata vikawa vizito na vigumu mwili mzima. Hivi hunywa maji kidogo mno, yasiyozidi nusu ya asilimia moja ya uzito wake.

(c) Vigae vya udongo visivyokuwa na ngozi. Hivi hunywa maji na mafuta. Doa likiachwa huzama ndani.

(d) Marumaru halisi na tarazo. Marumaru ni jiwe la kalisi kaboneti. Tarazo ni vipande vya mawe, mara nyingi vya marumaru, vilivyoshikwa kwa saruji na kusuguliwa hadi vikalainika. Hivi huliwa na tindikali.

(e) Vigae vya plastiki. Hivi ni laini, huchunika kwa mchanga, na maji mengi yakipita katika maungio huweza kuibandua gundi iliyo chini.

Maungio nayo yatazamwe mbali na vigae. Kwa kawaida hujazwa saruji, ambayo ina vitundu vidogo, hunywa maji machafu na huwa nyeusi kabla ya kigae chenyewe. Aghalabu sakafu inayoonekana chafu ni sakafu yenye vigae safi na maungio machafu.

Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi tofauti hizi bila ya gharama. Aombe kwa mafundi vigae vilivyovunjika. Tone la maji likiwekwa juu ya uso unaong'aa wa kigae cha kauri, litakaa kama lilivyo. Likiwekwa upande wa nyuma wa kigae hichohicho, ambao hauna ngozi, mara nyingi litanywewa wanafunzi wakitazama. Tone la siki au maji ya ndimu likiwekwa juu ya kipande cha marumaru halisi hutoa viputo vidogo na kuacha alama iliyofifia. Likiwekwa juu ya uso wa kauri halifanyi kitu. Jaribio hili lifanywe juu ya vipande tu, kamwe si juu ya sakafu yenyewe.

Mambo manne yanayoondoa uchafu

Mnamo 1959 mkemia wa Kijerumani, Herbert Sinner, alieleza kwamba usafishaji wa aina yoyote hutegemea mambo manne: dawa, nguvu ya msuguano, joto na muda. Aliyaonyesha mambo hayo kama duara moja lililogawanywa mafungu manne. Fungu moja likipunguzwa, mengine hayana budi kuongezwa ili duara libaki kamili.

Kanuni hii ni rahisi kwa mtoto wa Darasa la Tano kuielewa, kwa kuwa anaijua tayari kwa vitendo. Sufuria iliyoshika ugali huweza kusuguliwa kwa nguvu mara moja, au kulowekwa kwa saa moja na kuoshwa kwa urahisi. Katika njia ya pili muda umechukua nafasi ya nguvu. Sahani yenye mafuta huoshwa upesi kwa maji ya moto. Hapo joto limepunguza kazi ya sabuni na ya mkono. Vivyo hivyo kwa sakafu. Maji ya sabuni yakiachwa juu ya vigae kwa dakika tano hadi kumi bila ya kukauka, mkono utafanya kazi ndogo. Anayemimina na kusugua papo hapo hulipa kwa jasho lake muda alioukataa. Wahenga wamesema haraka haraka haina baraka. Hapa msemo huo una ushahidi wa kisayansi.

Maji nayo yana sehemu yake. Mahali pengi pa mwambao maji ya visima hupita katika mawe ya matumbawe na kuchukua chumvi za kalisi. Maji hayo huitwa magumu. Sabuni ya mche ikitiwa ndani yake haitoi povu upesi, bali hufanya ukoga mweupe ambao hubaki juu ya vigae na kuvifanya vififie na kuteleza. Wanafunzi wachukue chupa mbili zinazolingana, moja ya maji ya mvua na nyingine ya maji ya kisima, watie vipande sawa vya sabuni, watikise kwa muda sawa na kulinganisha povu. Penye maji magumu, sabuni ya unga au ya maji ya aina ya kisasa hufaa zaidi, kwa sababu haifanyi ukoga huo kwa urahisi.

Mafuta, kama yale ya sakafu ya jikoni au ya bwalo la chakula, hushindwa na vitu vya jamii ya alkali. Ndiyo sababu magadi yametumika tangu zamani. Ukoga wa chokaa hushindwa na tindikali, lakini tindikali hula pia saruji ya maungio na marumaru. Kwa hiyo isitumiwe kwa mazoea.

Njia zilizopo

Kila njia huanza na kufagia. Mchanga wa kawaida huwa na chembe nyingi za kwatzi, ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs hufikia daraja la 7, hali kalisi ya marumaru ni daraja la 3 tu. Anayepiga deki sakafu isiyofagiwa anaisugua kwa msasa. Ili vumbi lisiruke na kuwasumbua watoto wenye pumu, unga wa mbao uliolowanishwa kidogo humwagwa sakafuni na kufagiwa pamoja na vumbi. Fagio la chelewa ni la uwanjani. Ndani hufaa fagio laini.

Baada ya kufagia, njia za kuchagua ni hizi:

1. Kumwaga maji, kusugua kwa brashi lenye mpini mrefu, kisha kuyasukuma maji hadi nje kwa ubao wenye ulimi wa mpira. Njia hii husafisha maungio vizuri, lakini hula maji mengi na hufaa tu sakafu yenye mwinamo au tundu la kutolea maji.

2. Kupiga deki kwa ndoo mbili. Ndoo moja ina maji ya sabuni, ya pili ina maji matupu ya kusuuzia dekio. Dekio huchovywa katika sabuni, hupitishwa sakafuni, husuuzwa katika ndoo ya pili, hukamuliwa, ndipo hurudishwa katika sabuni. Kwa njia hii uchafu hubaki katika ndoo ya pili na sabuni hukaa safi kwa muda mrefu. Anayepiga deki hurudi nyuma kutoka ukuta wa mbali hadi mlangoni, akilichora dekio mfano wa namba nane, asikanyage alipokwisha safisha.

3. Kufuta kwa tambara la mkono mtu akiwa amepiga magoti. Jicho huwa karibu na uchafu, na pembe za ukuta hufikiwa. Lakini magoti na mgongo huumia, na kazi huwa ya polepole.

4. Kufuta kwa kitambaa bapa cha maikrofaiba kilichofungwa kwenye mpini. Nyuzi zake ni nyembamba mno na hushika vumbi kwa maji machache. Hospitali nyingi duniani hukitumia. Kila kitambaa kikichafuka huwekwa kando na kuchukuliwa kingine.

5. Mashine ya umeme inayomwaga maji, kusugua na kuyafyonza tena. Katika viwanja vya ndege na hospitali kubwa mashine hii ina faida. Katika shule, bei yake na matengenezo yake huishinda kazi yenyewe. Wanafunzi waelezwe habari zake ili wajue kwamba ipo.

Mpango wa somo

Somo hili linafaa Darasa la Tano au la Sita na linahitaji vipindi vinne. Shabaha yake ni kwamba mwishoni kila mwanafunzi aweze kuchagua njia ya kusafisha sakafu fulani na kuutetea uchaguzi wake kwa vipimo.

Kipindi cha kwanza: kuuliza. Mwalimu asianze kwa kueleza. Awapeleke wanafunzi ukumbini, awaulize: Sakafu hii ni ya aina gani? Uchafu wake ni upi, vumbi, matope au mafuta? Uko wapi zaidi? Maji hutoka wapi, na ni mbali kiasi gani? Nani huyabeba? Swali hili la mwisho ni la maana sana. Mara nyingi darasa litagundua, bila ya kuambiwa, kwamba wabeba maji ni wasichana na washika mafagio ni wavulana, na mwalimu atakuwa amepata nafasi ya kuigawa kazi upya kwa haki. Kisha wapime ukumbi na kuhesabu vigae.

Kipindi cha pili: jaribio dogo. Kila kundi lipewe kiwanja cha mita 2 kwa mita 2, ambacho kwa vigae vya sentimeta 40 ni vigae 25. Ukumbi wetu wa mfano una viwanja 60 vya namna hiyo. Kila kundi litumie njia moja. Mambo mengine yote yalingane: viwanja viwe vichafu sawasawa, sabuni iwe ileile, na wafanyao kazi wawe na umri sawa. Waandike maji yaliyotumika, dakika zilizopita na usafi uliopatikana. Usafi usipimwe kwa jicho tu. Sakafu ikikauka, kila kundi lifute kigae kimoja na sehemu ya maungio yake kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, na vitambaa vyote vipangwe mezani vilinganishwe.

Tuseme matokeo ni haya, kwa ajili ya mfano wa hesabu tu: kundi la maji na brashi limetumia lita 6 na dakika 8, kundi la ndoo mbili lita 2 na dakika 5, kundi la tambara lita 3 na dakika 12. Wanafunzi wakizidisha kwa 60 watapata lita 360 na saa 8 kwa kundi la kwanza, lita 120 na saa 5 kwa la pili, na lita 180 na saa 12 kwa la tatu, ikiwa kazi yote ingefanywa na mtu mmoja.

Kipindi cha tatu: jaribio kubwa. Hapa ndipo ulipo moyo wa somo. Mwalimu aulize: Je, hesabu hizi ni za kweli? Kila kundi sasa lisafishe ukanda wa mita 2 kwa mita 20, ambao ni viwanja 10, yaani sehemu moja ya sita ya ukumbi. Kundi la ndoo mbili lilitarajia lita 20 na dakika 50. Lakini maji yalichafuka yakabadilishwa, na mikono ilichoka. Tuseme limetumia lita 35 na dakika 65. Kundi la maji na brashi halikuongeza maji, bali kuyasukuma hadi mlangoni kumeongeza muda kutoka dakika 80 hadi 110. Kundi la tambara limefikia lita 45 na dakika 150. Tukizidisha kwa 6, ukumbi mzima unahitaji haya:

Maji na brashi: lita 360, yaani ndoo 18 za lita 20; saa 11 za kazi.
Ndoo mbili: lita 210, yaani ndoo 11, saa 6 na nusu.
Tambara: lita 270, yaani ndoo 14, saa 15.

Wanafunzi kumi wakishirikiana, njia ya kwanza itachukua dakika 66, ya pili dakika 39, na ya tatu dakika 90. Tena ndoo moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 pamoja na uzito wa ndoo yenyewe. Tofauti ya ndoo saba kati ya njia ya kwanza na ya pili ni mzigo wa kilo 140 ambao hapana mtoto atakayeubeba. Shule ikiwa mbali na kisima, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwamo darasani kipindi cha kwanza kianzapo.

Mwalimu asiyachukue matokeo haya ya mfano na kuyaandika ubaoni kama jibu. Kila shule ipime sakafu yake, kwa maji yake na mikono yake.

Kipindi cha nne: kuamua. Kila kundi litoe taarifa na kutetea njia yake. Yaelekea kitambaa cheupe kitaonyesha kwamba kwa uso wa vigae njia ya ndoo mbili inatosha, lakini kwa maungio brashi imeshinda. Hapo watoto wengine watasema njia hii ni bora, wengine ile. Mwalimu asifanye haraka ya kukata shauri. Aulize: Je, ni lazima njia moja itumike siku zote? Kwa maswali machache darasa litafika lenyewe kwenye uamuzi wa busara: kufagia kila siku, kupiga deki kwa ndoo mbili kwa siku zilizopangwa, na kusugua maungio kwa brashi na maji ya sabuni mara moja kwa muda mrefu zaidi, fungu moja la ukumbi kila wiki, ili mzigo usiangukie siku moja. Jibu la swali la njia bora limekuwa ratiba, tena ratiba iliyotungwa na wanafunzi wenyewe. Ibandikwe ukutani na ifuatwe.

Tahadhari ambazo mwalimu hawezi kuzikabidhi kwa mtoto

Yako mambo ambayo si ya kujaribu. Tindikali ya kuondolea saruji na ukoga isishikwe na mwanafunzi kwa sababu yoyote. Dawa ya klorini isiyozimuliwa nayo ni kazi ya mtu mzima mwenye glavu, madirisha yakiwa wazi.

Zaidi ya yote, klorini isichanganywe kamwe na tindikali, wala na dawa ya chooni yenye tindikali. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, gesi ileile iliyotumiwa kama silaha ya vita karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji tarehe 22 Aprili 1915. Ikichanganywa na amonia hutoa gesi nyingine yenye sumu. Wako wanaodhani kwamba dawa mbili zikitiwa pamoja nguvu huongezeka mara mbili. Kinachoongezeka ni hatari.

Inafaa kujua pia kwamba kusafisha na kuua vijidudu ni mambo mawili. Klorini ikimwagwa juu ya uchafu humalizikia katika uchafu huo na haifikii vijidudu. Kwanza sakafu ioshwe kwa sabuni, ndipo dawa ipitishwe na kuachwa kwa dakika kama kumi. Kwa kiwango cha asilimia 0.1 kinachotosha kwa sakafu, dawa yenye asilimia 5 huzimuliwa kwa fungu 1 la dawa na mafungu 49 ya maji. Penye damu hutumika asilimia 0.5, yaani fungu 1 kwa mafungu 9. Katika siku za kawaida sakafu ya darasa haihitaji dawa hiyo. Sabuni na maji hutosha. Wakati wa maradhi ya mlipuko, maagizo ya maofisa wa afya yafuatwe.

Sakafu isafishwe nusu kwa nusu, ili upande mmoja ubaki mkavu kwa wapitao. Sabuni isuuzwe barabara, kwani sabuni iliyobaki huteleza ikilowa tena. Dekio lioshwe, likamuliwe na kuanikwa juani. Dekio linaloachwa bichi ndani ya ndoo huotesha vijidudu, na kesho yake litavipaka katika ukumbi mzima.

Mwisho, kusafisha sakafu kusifanywe adhabu. Mwalimu anayemwadhibu mtoto kwa kumpa dekio hufundisha mambo mawili kwa mpigo mmoja: kwamba kazi ni aibu, na kwamba wasafishaji wa hospitali, masoko na ofisi zetu ni watu walioadhibiwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ikiwa tunataka raia wanaoheshimu kazi, hatuna budi kuiheshimu sisi kwanza. Mwalimu anayekunja mikono ya shati na kushika mpini pamoja na darasa lake, akauliza pamoja nao kwa nini maungio haya yamekataa kutakata, hahitaji hotuba juu ya jambo hilo.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Pima sakafu moja ya chuo chako. Tafuta eneo lake, idadi ya vigae na urefu wa maungio.

2. Tayarisha andalio la kipindi cha tatu kwa shule ambayo kisima chake kiko mbali. Ni vipimo gani utakavyoongeza?

3. Kundi moja limepata usafi mkubwa kuliko mengine, lakini uligundua kwamba limetumia sabuni mara mbili. Utalitumiaje tukio hilo kufundisha maana ya jaribio la haki bila ya kuwaaibisha watoto?

4. Shule ina sakafu ya saruji tupu, haina kigae hata kimoja. Eleza sehemu za somo hili zitakazobaki kama zilivyo, na zile zitakazobadilika.